Mkasi mpya wa leba: wazo zuri, lakini nani kapima?



Leo tuongelee mkasi. Ndiyo, mkasi, ila sio wa saluni wala wa fundi cherehani. Ni ule unaotumika leba kumuongeza mama njia pale kichwa cha mtoto kinapokaribia kutoka. Na vijana wa kiume msifunge ukurasa, tafadhali. Wengi wenu mtakuja kukaa kwenye lile benchi la nje mkisubiri kuambiwa "mama na mtoto wako salama". Hilo neno "salama" ndilo ninalotaka tulichambue.

Habari yenyewe iko hivi. Uingereza daktari mmoja wa magonjwa ya wanawake, Dharmesh Kapoor, alibuni mkasi mpya wa kazi hiyo, ukaitwa Episcissors-60. Mwaka 2017 huduma ya afya ya taifa ya England, yaani NHS, ikaingiza mikasi ya aina hii kwenye mpango wake maalumu wa kulipia ubunifu mpya ili hospitali zisisuesue kununua. Halafu mwaka 2020 taasisi inayotathmini dawa na vifaa tiba kule, NICE, ikaupitia ushahidi uliokuwepo na kutoa jibu. Jibu lenyewe kwa kifupi: mkasi unaonyesha matumaini, ila ushahidi bora wa kutosha kusema utumike kama kawaida kila mahali haupo.

Umeona hapo? Pesa ilitangulia miaka mitatu, hukumu ikaja baadaye. Na hukumu yenyewe haikusema "mbaya" wala "mzuri". Ilisema "bado". Mimi sio daktari, ni msomaji tu kama wewe, lakini nadhani hilo "bado" lina somo kubwa kwetu kuliko mkasi wenyewe. Twende taratibu.

KUONGEZA NJIA NI NINI HASA

Kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa kuna sehemu inaitwa msamba. Mtoto anapotoka msamba unavutika sana, na mara nyingi unachanika. Kuna kuchanika kudogo kwa ngozi tu, hiyo daraja la 1. Daraja la 2 misuli ya msamba inaguswa. Daraja la 3 unafika kwenye msuli unaobana haja kubwa. Daraja la 4 unapita mpaka ndani kabisa kwenye utando wa utumbo.

Hizi mbili za mwisho ndizo balaa. Mama akiumia msuli ule na asishonwe vizuri anaweza kushindwa kuzuia upepo, hata choo. Hebu fikiria binti wa miaka 22, kajifungua salama, mtoto mzuri, watu wanaleta kanga na sabuni, yeye mwenyewe anaogopa kukaa na wageni. Anaogopa kupanda daladala. Wengi hawasemi. Wanaona aibu, au wanadhani ndio uzazi ulivyo.

Na usifikiri ni tatizo la nchi maskini tu. Takwimu za England zilionyesha kwamba kwa akina mama wanaozaa mara ya kwanza kwa njia ya kawaida, michaniko ya daraja la 3 na la 4 iliyoandikwa ilipanda kutoka 1.8% mwaka 2000 hadi 5.9% mwaka 2012. Sehemu ya ongezeko hilo inaelezwa kuwa ni wahudumu kuwa makini zaidi kuigundua na kuiandika. Lakini hata ukitoa hiyo, unaona kwa nini watu walianza kuhangaika kutafuta dawa.

Kuongeza njia kulikuja kama kinga. Badala ya kuacha msamba uchanike wenyewe kuelekea nyuma, mkunga au daktari anakata kwa pembeni ili nafasi ipatikane na msuli wa nyuma usalimike. Shida ni kwamba mkato wenyewe ukielekea vibaya, unaweza kuwa ndio unaoupeleka mchaniko kule kule ulikokuwa unaukimbia.

JICHO LINADANGANYA

Vitabu vinasema kata kwa pembeni. Swali ni pembeni kiasi gani, na je, watu wanakata hivyo kweli?

Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti wa Uingereza ambao watafiti waliipima mikato baada ya kushonwa. Walihesabu mkato kuwa wa pembeni kweli kama umefika angalau digrii 40 kutoka mstari wa katikati. Matokeo: hakuna mkunga hata mmoja aliyefikia hapo. Madaktari waliofikia walikuwa 22% tu. Na hawa ni watu waliosoma, wenye vifaa, taa zinawaka, hakuna mgao wa umeme.

Mwaka uliofuata, 2006, watafiti wa Ireland wakaonyesha kwamba kila digrii 6 ambazo mkato unasogea mbali na katikati ziliendana na hatari ya mchaniko wa daraja la 3 kupungua kwa nusu. Sio kidogo hiyo.

Kwa nini wataalamu wanakosea? Kwa sababu wanakata kitu kilichovimba na kuvutika. Kichwa cha mtoto kinasukuma, msamba umetuna kama puto. Ukichora mstari kwenye puto lililojaa halafu ukatoa upepo, mstari unabadilika. Utafiti wa Jamhuri ya Czech uliochapishwa 2011 ulionyesha mkato uliokatwa kwa digrii 60 msamba ukiwa umetuna, ukija kushonwa baada ya mtoto kutoka unakuwa kama digrii 45. Kwa hiyo anayekusudia 45 wakati wa kukata anaishia chini zaidi, karibu na hatari. Ndio maana mwaka 2015 chama cha madaktari wa uzazi cha Uingereza kiliandika kwenye mwongozo wake kwamba mkato uwe wa digrii 60 msamba ukiwa umetuna.

Sasa nani anaweza kukadiria digrii 60 kwa macho, usiku wa manane, mama analia, mapigo ya mtoto yanashuka? Hapo ndipo Kapoor alipoona mwanya.

MKASI UNAFANYA NINI

Wazo lake ni rahisi mpaka unajiuliza kwa nini halikuja mapema. Mkasi una kijiti cha kuongoza kilichofungwa kwenye visu vyake kwa pembe ya digrii 60. Unakielekeza kijiti kwenye njia ya haja kubwa, visu vyenyewe vinakaa kwenye digrii 60. Unakata. Huhitaji kukisia.

Nasema wazi, mimi wazo hili nalipenda. Halimlaumu mkunga kwa jicho lake, linampa kifaa. Fundi seremala ana kipimo cha pembe, kwa nini mkunga asiwe nacho? Lakini kulipenda wazo ni jambo moja, na kujua kama linamlinda mama ni jambo lingine. Hapa ndipo maswali yanapoanza.

SWALI LA 1: TUNAPIMA PEMBE AU TUNAPIMA MAMA?

Tafiti za mwanzo za mkasi huu ziliangalia pembe. Je, mkato baada ya kushonwa umekaa digrii ngapi? Na kweli, ulikaa vizuri. Hata jaribio dogo la India lililochapishwa 2015, ambalo wanawake waligawiwa kwa bahati nasibu baina ya mkasi huu na mkasi wa kawaida, lilionyesha pembe nzuri zaidi kwa mkasi mpya. Lakini waliohusika hawakufika hata mia.

Tatizo liko wapi? Mama haendi nyumbani na pembe. Anaenda na msuli uliopona au ulioharibika. Kutoka "pembe ni nzuri" hadi "akina mama wanaumia kidogo" kuna daraja la kuvuka, na daraja hilo halivukwi kwa kudhani.

Tena kuna jambo la kukufanya utulie kidogo. Utafiti wa Norway wa 2012 uliolinganisha wanawake walioumia msuli na wasioumia ulikuta hatari ilikuwa kubwa pale pembe ilipokuwa ndogo sana, chini ya digrii 15, na pia pale ilipozidi 60. Na ukaona kwamba urefu wa mkato, kina chake, na umbali wa mahali unapoanzia kutoka katikati, vyote vina uzito wake. Mkasi unaongoza pembe. Hauongozi mahali pa kuanzia wala kina. Kwa hiyo umetibu kosa moja kati ya manne.

SWALI LA 2: UNALINGANISHA NA NINI?

Ushahidi mwingi uliokuja baadaye ulikuwa wa aina ya "kabla na baada". Hospitali inahesabu walioumia mwaka jana, inanunua mkasi, inahesabu tena mwaka huu. Idadi ikishuka, makofi.

Sasa jiulize. Hospitali inaponunua mkasi mpya, inanunua mkasi peke yake? Hapana. Inaita wakunga semina. Inawakumbusha kuushikilia msamba kwa mkono wakati kichwa kinatoka. Mkuu wa wodi anaanza kufuatilia takwimu ambazo jana hakuna aliyeziangalia. Kila mtu anakuwa makini kwa sababu anajua anahesabiwa. Idadi ikishuka, ni mkasi au ni semina? Ukipaka rangi duka, ukaweka taa mpya na ukabadili muuzaji wiki moja, huwezi kusema wateja wameletwa na rangi.

Halafu kuna suala la nani anapima. Kwenye utafiti wa tathmini ya mkasi uliochapishwa 2014, Kapoor mwenyewe ni mmoja wa waandishi. Sisemi kuna udanganyifu. Sisemi hata chembe. Mbunifu ndiye anayekijua chombo chake, ni kawaida aanze yeye. Lakini mpishi akisema pilau lake ni tamu, unamshukuru, halafu unaomba na jirani aonje.

SWALI LA 3: JE, TUTAKATA WENGI ZAIDI?

Hili kwangu ndilo zito. Usalama wa chombo sio tu kama kinakata vizuri. Ni pia kama kinatufanya tukate pale ambapo hakukuwa na haja.

Mwaka 1993 watafiti wa Argentina walichapisha jaribio la wanawake 2,606. Kundi moja lilikatwa kama desturi ilivyokuwa, na 82.6% yao waliongezwa njia. Kundi lingine walikatwa pale tu palipokuwa na sababu, ikawa 30.1%. Michaniko mikubwa? 1.5% kwenye kundi la desturi, 1.2% kwenye kundi la sababu. Yaani maelfu ya mikato ya kila mwaka haikuwa inamkinga mtu yeyote! Mapitio makubwa ya 2017 yaliyojumuisha tafiti 12 nayo yakaelekea huko huko: kukata kwa kuchagua kunaweza kupunguza michaniko mikubwa kwa kama 30% ukilinganisha na kukata kila mtu. Shirika la Afya Duniani, kwenye mapendekezo yake ya 2018, likasema wazi kwamba kuongeza njia kwa mazoea kwa mama anayejifungua kawaida hakupendekezwi.

Kwa hiyo mkasi mzuri ukiingia kwenye wodi yenye tabia ya kukata kila mzaliwa wa kwanza, utakachopata ni mikato mingi iliyonyooka vizuri. Pembe safi, kidonda kisicho na sababu. Dada yangu mkubwa aliongezwa njia kwenye uzazi wake wa kwanza, na anasema alijua amekatwa alipoona anashonwa. Hakuna aliyemwambia kwa nini, si kabla wala baada. Kwa mtu kama yeye, swali la digrii ni la pili. La kwanza ni: kulikuwa na haja?

KIBALI SIO UTHIBITISHO

Najua kuna mdau atauliza: kama ushahidi haukutosha, uliruhusiwaje kuuzwa?

Jibu litakushangaza. Dawa mpya lazima ipite majaribio kwa binadamu kabla ya kuuzwa. Vifaa sivyo. Chini ya sheria ya Ulaya ya 1993 iliyotawala kipindi hicho, mikasi ya upasuaji ya kutumika tena ilikaa kundi la kwanza, lile la hatari ndogo. Mtengenezaji anakusanya nyaraka zake na anajitangazia mwenyewe kwamba ametimiza masharti. Marekani nako mkasi wa kuongeza njia umewekwa daraja la kwanza pamoja na zana nyingine za mkono za leba. Hoja yao inaeleweka: mkasi ni mkasi, watu wanakata na mikasi tangu zamani. Huwezi kudai jaribio la watu elfu kumi kwa kila koleo.

Lakini alama ya kibali inakuambia chuma hakitavunjika mkononi. Haikuambii kama mama atapona vizuri zaidi. Mkasi ukija na ahadi ya kupunguza majeraha, umeacha kuwa mkasi tu. Umekuwa tiba, na tiba inadaiwa ushahidi.

Kama unaona nakuza mambo, kumbuka nyavu za plastiki zilizowekwa wanawake kutibu kulegea kwa viungo vya uzazi na kuvuja mkojo. Moja ya mwanzo iliruhusiwa Marekani mwaka 1996, ikaondolewa sokoni 1999. Nyingine ilikuwa tayari imeshapitishwa kwa hoja kwamba inafanana na ile ile. Wanawake wengi walipona, ni kweli. Lakini wapo walioishia na maumivu ya miaka, na walipolalamika waliambiwa ni mawazo yao. Uingereza ilisimamisha matumizi mwaka 2018, Marekani ikazuia uuzaji wa zile za kulegea kwa viungo mwaka 2019, na mwaka 2020 tume iliyoongozwa na Baroness Cumberlege ikatoa ripoti ikisema wazi kwamba wagonjwa hawakusikilizwa.

Mkasi sio wavu. Wavu unabaki mwilini, mkasi unarudi kwenye sinia. Sitaki mtu aende kutisha watu mtaani. Ninachosema ni kwamba pengo lilikuwa lile lile: chombo kilienea haraka kuliko hesabu zake.

"LAKINI TUSUBIRI MPAKA LINI?"

Hii hoja ina nguvu, tusiidharau. Akina mama wanaumia leo, wewe unataka utafiti.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme hospitali ina michaniko mikubwa 3 kila wazazi 100. Umeleta mkasi, wazazi 100 wanaofuata wakapata 2. Umeokoa mmoja? Huenda. Huenda pia ni bahati tu, maana mwezi mwingine bila mkasi ungepata 1, na mwingine 5. Jambo linalotokea kwa wachache linahitaji maelfu ya wazazi ili uone tofauti ya kweli. Ndio maana tafiti za watu 60 au 100 haziwezi kumaliza ubishi, hata zikiwa safi kiasi gani.

Na inawezekana kuhesabu maelfu. Kati ya Januari 2017 na Machi 2018, vyama vya madaktari wa uzazi na wakunga vya Uingereza viliendesha mpango kwenye hospitali 16 za England, Scotland na Wales, vikianza kwa zamu. Mpango ulikuwa wa vitu vinne: kumweleza mama mapema, kuongeza njia pale tu panapohitajika na kwa digrii 60, kuushikilia msamba kwa mkono wakati wa kutoa kichwa, na kumkagua kila mama baada ya kuzaa, pamoja na kupima njia ya haja kubwa kwa kidole. Walihesabu wazazi 55,060. Michaniko mikubwa ikashuka kutoka 3.3% hadi 3.0%, bila kuongezeka kwa mikato wala kwa upasuaji wa kujifungua.

Najua unasema, 0.3 tu? Ndiyo, ni wazazi 3 kila 1,000. Lakini hiyo ni namba unayoweza kuiamini zaidi kuliko namba kubwa ya hospitali moja. Na tazama vile vitu vinne. Kipya cha kununua ni kipi hapo? Mdomo wa kueleza, mkono wa kushikilia, kidole chenye glavu. Mkasi maalumu unaweza kusaidia kwenye hiyo digrii 60, lakini ni sehemu ya kitu kimoja kati ya vinne.

KWETU JE?

Vifaa kwetu huja kwa njia nyingi: zabuni, msaada, daktari aliyerudi na sanduku kutoka semina ya nje. Tanzania tuna TMDA, ambayo tangu 2019 jina lake linataja kabisa dawa na vifaa tiba. Kenya kuna Bodi ya Famasia na Sumu. Kazi yao ya kusajili na kukagua ni muhimu, lakini tumeshaona kwamba usajili peke yake hauwezi kujibu swali la mama. Hilo linajibiwa wodini, kwenye daftari la leba.

Kwa hiyo siku mtu akija na mkasi mpya, au chombo kingine chochote cha uzazi, mimi ningeuliza hivi:

1. Wangapi wameumia kwenye wodi hii mwaka uliopita, kabla ya chombo kuja? Kama hakuna anayejua, hata chombo kikisaidia hatutakaa tujue.

2. Wangapi wanaongezwa njia sasa, na kwa sababu gani? Hiyo namba ikipanda baada ya chombo kuja, simama uliza.

3. Nani amelipimia? Kuna utafiti wa mtu asiyelipwa na muuzaji?

4. Kinaoshwa na kuchemshwaje, kinatumika mara ngapi kabla hakijawa butu? Mkasi butu unatafuna nyama, haukati, hata ukiwa na digrii zote za dunia.

5. Nani anamkagua mama baada ya kuzaa, na nani anamuuliza baada ya wiki sita kama anaweza kuzuia choo? Mchaniko usioonekana siku ya kwanza haushonwi siku ya kwanza.

6. Mama aliulizwa?

Hakuna hata swali moja hapo linalohitaji maabara. Yanahitaji kalamu, daftari, na mkuu wa wodi asiyeogopa namba mbaya.

Nirudi kwa wale NICE. Watu wengi wakisikia "ushahidi hautoshi" wanadhani chombo kimefeli. Hapana. Mkasi wa Kapoor unaweza kuja kuthibitika kuwa mkombozi kweli, na mimi nitafurahi. Walichokataa ni kumwambia mama "hiki kitakulinda" kabla hawajajua. Hiyo ni heshima. Sisi tumezoea kitu kikija na boksi jipya na lugha ya kigeni, basi kimeshinda. Na sio kwenye leba tu.

Kwa manesi na wakunga mnaosoma hapa: kwenye wodi zenu mnakata kwa mazoea au kwa sababu? Kuna anayeandika pembe, au hata kuandika tu daraja la mchaniko? Akina mama, mliulizwa kabla ya kukatwa? Kama hutaki jina lako lionekane, tumia jina lolote, na tafadhali usitaje hospitali wala mhudumu. Wavulana, mkiwa na swali ulizeni, hakuna wa kuwacheka.

Uwanja ni wenu, wadau.